Aliyesiriba Nyumba ya Malukhu

Kama mji wa Jinja ulikuwa na mtu aliyejua kunyoosha mambo, basi ni Sajini Otim wa jela. Foleni ya wafungwa, kola ya shati, mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia, hata masharubu yake mwenyewe, vyote vilinyooka. Akikatiza mbele ya laini za askari, wanawake waliokaa nje wakimenya viazi walijikuta wanapanga na maganda. Mnacheka? Ulizeni waliokuwapo.

Na mtu huyu huyu, jamani, siku aliyovua sare akaambiwa ahsante kwa kazi, sasa nenda kajenge kwako, alianza kukosea kama aliyezaliwa jana.

Lakini tusimcheke haraka. Otim alikuwa mtu wa Lango, kutoka upande wa Lira. Aliingia kazini angali kijana, akamwoa Santa wa kijiji cha jirani, akamleta kambini akiwa bado msichana anayeona haya kula mbele ya watu. Tangu hapo wakalala Gulu, wakalala Mbale, wakaishia Jinja. Kila walikokwenda kota ni ile ile: chumba na nusu, kuta za saruji, chokaa juu, mstari wa lami chini, namba mlangoni. Santa akipanda mboga, mboga zikashika, mara amri ya uhamisho inakuja. Akafunga vitu vyake, akamwachia mwenzake achume. Hakulalamika. Santa hakuwa mwanamke wa kelele. Akiudhika alinyamaza, na kimya chake Otim alikiogopa kuliko alivyomwogopa mkuu wa jela.

Neno moja tu aliwahi kulisema. Enzi zile wako Mbale, walipita Malukhu, pembeni mwa mji, siku ya Jumapili wakitoka kanisani, mvua imetoka kunyesha na mlima umejifunua wote. Santa akasimama akaangalia maharage yaliyojiotea kando ya njia bila mwenyewe. "Baba Awor," akasema, maana Awor ndiye binti yao wa pekee, ambaye baadaye aliolewa huko kwao, "mimi ningeweza kukaa hapa." Basi. Akaendelea na safari yake.

Otim alilibeba neno lile miaka yote asimwambie mtu. Mwaka wa hamsini na tano, bwawa la Jinja limeshafunguliwa na mji umejaa taa, alipostaafu hakuwaza mara mbili. Alikwenda Malukhu akatafuta kiwanja, akakipata. Alitaka nyumba ambayo Santa akishaingia hatatamani kutoka. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na nawaomba mlishike, kwa sababu mambo yote ya kiwazimu aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili hiyo.

Kota ya Jinja walipewa muda wa kuihama. Santa akabaki nyuma, Otim akapanda garimoshi la Mbale peke yake.

"Usije mpaka iishe," alimwambia mkewe pale stesheni. "Nataka uikute tayari."

Santa akafungua kinywa kama anayetaka kusema jambo, kisha akakifunga. "Haya," akasema.

Ukisikia mwanamke amesema haya namna ile, rudi umwulize. Otim hakurudi. Garimoshi lilikuwa limeshapiga honi.

Alianzia shambani, maana shamba aliliona jepesi. Kwao ni watu wa ulezi na ufuta. Migomba alikuwa akiiona kwa wenzake tu. Alipata vichipukizi, akavuta kamba, akavipanda mstari mmoja nyuma ya mwingine, nafasi sawasawa. Hapo hakuna kosa la kufa mtu. Kosa lilikuja asubuhi iliyofuata na kila asubuhi baada yake, kwa kuwa Otim alifagia. Alilifagia shamba la migomba kama uwanja wa gwaride. Jani likianguka, anaokota. Ganda likikauka shinani, anabambua. Nyasi na takataka zote zikaenda motoni, mpaka udongo ukabaki uchi. Halafu, Mungu amsamehe, akachukua ndoo ya chokaa na brashi, akaipaka migomba miguuni, nyeupe pe, yote kimo kimoja.

Jua la Januari likawaka. Migomba ikaanza kunyauka, majani yakawa ya manjano, na Otim akazidi kufagia.

Jirani yake wa upande wa juu alikuwa mjane wa Kigisu, Mwislamu, jina lake Mariat. Watu walimwita Mama Sulait kwa jina la mwanawe, fundi cherehani wa Tororo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha karibu na ulimi usio na mfupa. Kiswahili alikimwaga kama maji, wakati Otim Kiswahili chake ni kile cha kambini, cha amri na majibu. Mariat aliyatazama mambo ya migomba ile siku baada ya siku, akavumilia, akavumilia, mpaka ikamshinda. Akaja uani.

"Hodi, Afande. Samahani nikuulize. Hii migomba imefungwa kwa kosa gani?"

Otim akasimama wima. "Mimi hapana elewa, mama."

"Nasema imehukumiwa miaka mingapi? Maana naona umeivalisha sare, umeipanga foleni, na chakula umeinyima."

"Chakula gani? Mgomba nakula?"

"Sasa wewe! Unachokifagia kila asubuhi ndicho chakula chake! Yale majani, yale maganda, ile takataka. Unaichoma halafu unashangaa wageni wako wanakonda!"

Na hapo akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya ua, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Otim alikasirika, tena sana. Miaka yote ya kazi hakuna aliyemcheka usoni. Akaingia ndani ya kibanda alichokuwa analala, akakaa kitandani na fagio lake mkononi, akimlaani mwanamke yule kwa Kilango.

Lakini jioni alitoka, akainama, akashika udongo chini ya mgomba. Ulikuwa vumbi tupu. Asubuhi yake akasimama kwenye mpaka, kofia mkononi.

"Mama Sulait," akasema. "Wewe nionyeshe mimi."

Neno dogo hilo, lakini kwa Otim lilikuwa zito kuliko gunia la saruji. Mariat alimwona amelitoa kwa taabu, na siku ile hakumcheka. Alimwonyesha namna ya kutandaza majani makavu, kumwaga maji ya kuoshea vyombo, kuacha chipukizi mmoja au wawili wamfuate mama yao. "Mgomba si askari, Afande," alimwambia. "Mgomba ni mama mwenye watoto. Nyumba yake haiwezi kuwa safi." Mvua ya kwanza iliponyesha migomba ikainua vichwa, na Otim akaanza kumwita jirani yake dada.

Tatizo la binadamu ni hili: akifunzwa jambo moja hudhani kafunzwa yote. Nyumba ilikuwa imeshasimama, fito na udongo kama nyumba nyingine za Malukhu, mabati juu, mlango wa mbao. Watu walikuja kukandika, wakala wakashiba wakaenda zao. Lakini Otim kila akiutazama ule udongo roho haikutulia. Santa, aliyekaa nyumba ya saruji maisha yake yote ya ndoa, aje alale kwenye udongo? Haiwezekani. Akashuka mjini kwa Sukhdev.

Sukhdev alikuwa Singasinga mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, muuza saruji na mbao, aliyewahi kuwa seremala wa reli. Alimsikiliza Otim mpaka mwisho huku akipima ubao.

"Ukuta nakauka?" akauliza.

"Nakauka kidogo."

"Bwana, kidogo hapana kauka. Wewe ngoja. Udongo mpya nakaa, nashuka, napasuka. Kwisha pasuka yote, tia udongo tena. Saruji na udongo mbichi hapana penda oana. Mimi nauza saruji, mimi napenda uza. Lakini mimi nakuambia ngoja."

"Mama nakuja karibuni," Otim akasema. "Mimi hapana weza ngoja."

"Basi wewe nasikia haraka tu," Sukhdev akasema, akapakia mifuko kwenye mkokoteni huku akitikisa kilemba.

Otim akatafuta kibarua wa lipu, lipu ikapigwa. Akapaka chokaa juu. Akapiga mstari wa lami chini, umenyooka kweli kweli. Akarudi nyuma hatua chache akaitazama nyumba yake, na furaha ikamjaa, kwa sababu ilifanana kabisa na kota ya Jinja. Ilikosa namba mlangoni tu. Mimi ningekuwapo ningemtikisa mabega. Mwanamke kaishi kwenye kota miaka ishirini na zaidi, na wewe unamjengea kota nyingine!

Masika yakaingia. Siku moja mchana Otim amekaa anakula posho yake, ugali wa mahindi, kwa maharage, akasikia sauti kama ya mtu anayepasua kuni. Akatoka na tonge mkononi. Ukuta wa mbele ulikuwa umepasuka kutoka dirishani hadi chini, na huku anautazama, lipu ikajibandua yote kwa pamoja, pwaa! Vumbi la chokaa likamvaa usoni. Kabla hajalipangusa, ukuta wa pembeni nao ukavua nguo yake.

"Afande!" Mariat aliita kutoka kwake. "Umepigwa bomu?"

Alikuja mbio, tayari kwa kicheko. Akamkuta Otim amekaa chini katikati ya vipande vya saruji, amejishika kichwa, masharubu meupe, na kicheko kikamwishia kooni. Akakaa naye chini.

"Mkeo anakuja lini?"

"Juma hili likwisha."

"Yeye kusiriba anajua?"

"Santa?" Otim akatikisa kichwa. "Ule mama ya kambini. Udongo hapana jua."

"Basi usilie, mwanamume mzima. Mimi nitakusiribia."

Na kweli alimsiribia. Mjane yule alichanganya udongo, mavi ya ng'ombe na majivu, akavua bangili, akaingia kazini kwa viganja vyake, akaanza nje akamalizia ndani. Alikwenda kwa nusu duara, moja juu ya nyingine, kutoka mlangoni mpaka pembeni, alama za vidole vyake zikionekana wazi kama mistari ya jembe shambani. Otim alishika mdomo. Hakuwa amewahi kujua kuwa udongo unaweza kupendeza vile. Akampa Mariat jogoo, Mariat akakataa, wakabishana, jogoo akaenda. Kisha Otim akavaa shati safi, akaenda Jinja kumchukua mkewe.

Njiani kutoka stesheni ya Mbale mzee ndiye aliyezungumza. Alimweleza Santa habari za migomba, akajicheka mwenyewe, na Santa akacheka kwa sauti yake ya chini, akamgusa kiwiko. Walipofika, Santa alisimama shambani akaona chokaa iliyofifia kwenye mashina, akacheka tena. Otim moyoni akasema, nimefaulu.

Kisha Santa akaiona nyumba.

Akasimama. Akaweka furushi chini. Akausogelea ukuta polepole, akainua mkono wake wa kulia, akauweka juu ya alama za kiganja zilizokuwa pale. Vidole havikulingana. Vya ukutani vilikuwa vinene na vya kutanuka, vyake vilikuwa vyembamba.

"Nani amesiriba nyumba hii?" akauliza.

"Jirani yetu huyo wa juu. Mama mwema sana, mjane."

"Mjane."

"Ndiyo. Ana mkono mzuri, au sivyo?"

Lo! Mtu mzima, mwenye akili zake timamu! Santa akauondoa mkono ukutani, akaupangusa kwenye nguo yake, akasema nyumba ni nzuri, mabati ni mazuri, mlango ni mzuri. Kila kitu alikisifu. Akaingiza mafurushi ndani, akatoka, akakaa nje.

Siku zile zilizofuata Santa aliishi pale kama mgeni. Alipika vizuri, alifagia vizuri, lakini kwa kuomba ruhusa. "Ufagio naweza kuuchukua?" "Haya maji naruhusiwa kuyachota?" "Chungu hiki ni cha nani?" Alisema kwa adabu, bila hasira, na kila swali lilimkata Otim maini. Usiku alilala upande wa mlangoni. Mafurushi hakuyafungua. Siku ya Alhamisi, akimwekea mumewe chakula, akasema, "Jumamosi nitapanda garimoshi la Soroti. Kutoka pale nitapata basi. Nataka kumwona Awor."

"Utarudi lini?"

Santa akafunika chungu. Kilikuwa kile kimya, chenyewe hasa.

Otim hakula. Alichukua kofia akashuka mjini kwa Sukhdev, maana aliamini kabisa ubaya uko kwenye nyumba: labda paa ni la chini, labda dirisha limekaa vibaya. Sukhdev alimsikiliza, mkono kwenye ndevu.

"Mimi najenga nyumba mingi sana," akasema mwishowe. "Jinja, Tororo, hapa. Lakini jikoni ya Gurmit, bibi yangu, mimi hapana gonga hata msumari moja kama yeye hapana sema wapi. Wewe nauliza Santa?"

"Nauliza nini?"

Sukhdev akaziachia ndevu zake. "Arre, bwana!" akasema kwa huruma. "Wewe nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alipita kwa Mariat kwanza, akamkuta anapepeta maharage, akamwaga yote: mkono ukutani, maswali ya ufagio, garimoshi la Jumamosi. Mariat akaacha kupepeta.

"Afande, mimi nilikuuliza mkeo anajua kusiriba, ukasema hajui. Ulimwuliza?"

Otim akaigeuza kofia yake mkononi.

"Kwenu hawajengi kwa udongo?"

"Najenga."

"Anayesiriba nani?"

Otim akafungua kinywa kujibu, na hapo hapo akamwona mama yake mzazi. Alimwona amepiga magoti nje ya nyumba yao, mkono umelowa, anaimba kwa sauti ndogo na anasiriba. Mwanamume atasimamisha nguzo, ataezeka, lakini mpaka mke asiribe, kile ni kibanda tu cha miti. Mkono wa mke ndio unaoifanya nyumba iwe yake. Na mwanamke mwingine akisiriba, kijiji kizima kinajua maana yake ni moja tu: mwenye nyumba ni yule. Otim aliyajua hayo tangu ananyonya. Miaka ishirini na kitu ya chokaa na lami ilikuwa imeyafuta kichwani mwake.

"Mwanamke mwenye nyumba," akasema taratibu.

"Yarabi!" Mariat akapiga makofi. "Mimi mjane, mlango kwa mlango, na mkeo kaja kaukuta mkono wangu ukutani kwake! Ningekuwa mimi, Afande, usingeikuta hiyo nyumba. Ningekwishaichoma!" Akashusha sauti. "Ndugu yangu. Ushauri umekuja kuuomba kwangu, umeuomba kwa Singasinga, ungepata paka anayesema ungemwomba. Wa ndani hukumbishia hodi hata siku moja. Nenda kaikwangue."

"Ile kazi yako, dada. Nzuri sana."

"Nzuri ndiyo. Kwa hiyo ikwangue vizuri."

Asubuhi ya Ijumaa Santa aliamshwa na sauti ya jembe. Akatoka nje akamkuta mumewe kifua wazi, anakwangua ukuta. Nusu duara za Mariat zilikuwa zinaanguka mabonge mabonge miguuni mwake.

"Baba Awor! Umepatwa na nini?"

Otim hakuacha. Alikwangua ukuta wa mbele wote, akakwangua na wa pembeni, mpaka fito zikachungulia. Kisha akaweka jembe chini, akamgeukia mkewe. Alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu alfajiri, yamenyooka, na yote yakamkimbia.

"Nilisema wewe hujui udongo," akasema kwa Kilango. "Niliwaambia watu. Sikukuuliza, Santa. Nimekaa na kuta za serikali mpaka nikasahau ya kwetu. Nisamehe."

Santa akautazama ukuta uliokwanguliwa.

"Unajua nimepaka chokaa mara ngapi?" akasema. "Kila ukaguzi, kila kota. Kuta za watu. Nikawa najiambia, vumilia, iko siku nitapata ukuta. Mmoja tu, nisiribe kama alivyonifunza mama. Nilitaka kukuambia pale stesheni. Ukaniambia nisije mpaka iishe."

Akalia. Otim hakuwa amemwona akilia tangu walipomsindikiza Awor kwa mumewe. Alitaka kumshika, akaitazama mikono yake ilivyojaa matope, akaogopa kumchafulia nguo, akabaki ameinyoosha mbele kama mfungwa anayengoja pingu. Mwishowe Santa mwenyewe ndiye aliyeisogelea, akaishika vile vile na matope yake.

"Kesho utakwenda?" Otim akauliza.

Santa alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akainama, akaokota bonge la udongo, akalisugua baina ya vidole. Akaunusa.

"Huu ni mwekundu mno," akasema. "Utapasuka tena. Hakuna kichuguu huku kwenu?"

"Kipo. Nyuma ya kwa Mama Sulait."

"Basi unangoja nini?"

Jamani, mngemwona Otim! Alikimbia. Alichimba udongo wa kichuguu akaubeba kwa karai kichwani, akachota maji mtoni kwa debe, kichwani vile vile, wanawake wa Malukhu wakisimama njiani kumshangaa. Santa alimwelekeza kanyaga hapa, ongeza maji, basi usiongeze, wewe umeambiwa uongeze? Na Otim kila mara, "Ndiyo, Afande," mpaka Santa akaangua kicheko na kumwambia anyamaze afanye kazi.

Mchana Mariat akatokea, beseni la mavi ya ng'ombe kichwani. Alisimama palepale mpakani, hakuvuka.

"Dada," akamwambia Santa, "karibu Malukhu. Haya nimekuletea ya kuchanganyia. Mkono wangu nimeuacha nyumbani."

Santa alimtazama, akaitazama mikono yake minene iliyoshika beseni, akaelewa. "Vuka, dada," akasema kwa Kiswahili chake kidogo. "Kuja keti. Mimi nasiriba, wewe natazama." Na Mariat akavuka, akakaa, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikaa karibu saa nzima bila kutoa kasoro. Santa hakusiriba kwa nusu duara. Alishusha vidole kutoka juu kwenda chini, vimepinda kidogo, mstari ukiingia ndani ya mwingine, namna ya kwao Lango. Mwanzo mkono ulisitasita. Baadaye ukakumbuka.

Jumamosi garimoshi la Soroti lilipita na honi zake, na Santa wala hakugeuka. Alikuwa amepanda juu ya kiti anasiriba chini ya paa.

Siku ya Jumatatu ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha, wa pembeni umekwisha, na Santa yuko ndani anasiriba chumba cha kwanza, nacho kimeshakwanguliwa. Ndipo akaja Odongo, mtu wa kwao Lango, askari wa jela aliyewahi kuwa chini ya Otim huko Jinja, sasa amehamishiwa Mbale, na sare yake inang'aa. Alikuwa ameulizia njia tangu stesheni. Alifika uani akamkuta mzee mmoja kifua wazi, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakanyaga udongo shimoni, masharubu yananing'inia matope.

"We mzee," Odongo akasema, "hapa ndipo kwa Sajini Otim?"

Mzee yule hakuinua kichwa.

"Hapana," akajibu. "Hapa ni kwa Santa."

Sauti ile Odongo aliijua. Visigino vikagongana vyenyewe, mkono ukaruka kwenye kofia. "Afande! Nisamehe, Afande, sikukutambua!"

"Teremsha mkono," Otim akasema, huku anaongeza maji kidogo, kidogo tu, kama alivyoagizwa. "Mwenyewe yuko ndani. Piga hodi kwake."

Odongo akatazama huku na huku, hajui acheke au akimbie. Akausogelea mlango, akavua kofia, akapiga hodi.

Ndani mkono ukasimama. Otim shimoni naye akaacha kukanyaga ili asikie.

"Karibu, mwanangu," Santa akaitikia. "Lakini ngoja hapo hapo nje, usije ukaniegemea. Ukuta wangu bado mbichi."